Kazi Yako Ni Gani, na Inalipa Ngapi?

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha siku kumi na mbili hapa Kakuma. Shirika moja lilitaka kujua watu wa kambini wanafanya kazi gani na wanapata pesa ngapi. Tulikuwa vijana wa kila lugha. Tukapewa fulana, kadi ya shingoni na tableti, tukafundishwa siku mbili namna ya kuuliza. Yenyewe haikuwa ngumu. Unabisha hodi, unasoma maelezo, unauliza, unabonyeza. Jioni unarudisha tableti, kesho unaendelea na bloku nyingine.

Siku ya tano nikafika kwa ami yangu.

Ami alizaliwa Ngumi, kisiwa kimoja katika vile visiwa vyetu vya Wabajuni vilivyo kusini ya Kismayo, pamoja na Koyama, Chovai na Chula. Aliondoka 1991, serikali ya Mogadishu ilipoanguka na bunduki zikashuka mpaka pwani. Walikuja Mombasa kwa mashua, wakakaa katika kambi za pwani. Kambi zile zilipofungwa, miaka ya 1990 ikielekea mwisho, wakaletwa huku Turkana, mahali ambapo mto wetu, Tarach, ni mchanga karibu mwaka mzima. Mimi nimezaliwa hapa. Bahari naijua kwa maneno yake tu.

Nikamsomea kama ninavyomsomea mtu yeyote, maana tulikatazwa kubadilisha maneno.

"Kazi yako kuu ni gani?"

"Mvuvi."

Uvuvi ulikuwepo kwenye orodha, nikabonyeza. Tableti ikaleta swali la pili: katika siku saba zilizopita, umefanya kazi hii kwa malipo, hata kama ni saa moja?

Akanitazama. "Hapa?"

"Ami, ni swali tu. Ndiyo au hapana."

"Hapana."

Tableti ikaruka maswali yote ya pesa, ikaenda moja kwa moja kwenye vyoo na maji. Akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia ukweli: imeandikwa huna kazi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Andika sijafika baharini. Mchu akikosa bahari si kwamba hana kazi."

Hapakuwa na mahali pa kuandika maneno hayo. Nilimaliza maswali ya vyoo, nikamshukuru, nikatoka. Lakini jambo lile halikunitoka. Nani ana haki ya kusema kazi ya mtu ni nini na thamani yake ni ngapi? Na yule anayehesabu, ana deni gani kwa yule anayehesabiwa? Naliandika katika jarida hili kwa sababu linasomwa na pande zote mbili, wanaouliza na wanaoulizwa, na mimi nimekaa pande zote mbili.

Kwanza tuwatendee haki wanaohesabu. Kazi yangu sasa ni ya vijana. Kila mwaka wanaomaliza shule wananijia na swali moja: nisomee nini? Ushonaji, umeme, kompyuta, ufundi wa pikipiki? Mmoja anataka kukopa anunue bodaboda, anauliza kama italipa. Mimi sina jibu ila kubahatisha, kwa sababu sina namba. Sijui ni mafundi umeme wangapi tayari wako Kakuma na Kalobeyei, wala wanapata nini kwa mwezi. Kijana akisomea kazi ambayo tayari ina watu wengi, amepoteza mwaka wa maisha yake, na mimi ndiye niliyemshauri. Kwa hiyo mtu akiniambia takwimu ni upuuzi wa wazungu, simkubalii. Bila hesabu, mwenye sauti kubwa ndiye anayeonekana ana shida kubwa, na aliyenyamaza anasahaulika.

Tatizo liko kwenye jinsi tunavyohesabu, na kwenye kinachofuata baada ya hapo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba swali lile la saa moja halikubuniwa na shirika lililoniajiri. Linatoka katika kanuni za Shirika la Kazi Duniani, ambazo nchi nyingi zinazifuata ili namba za nchi moja zilingane na za nyingine. Shirika hilo lina orodha ya kazi zote za binadamu, inaitwa ISCO-08. Ina makundi makuu 10, na ukishuka mpaka chini kabisa unapata aina 436. Kila aina ina namba yake. Mvuvi wa pwani anayevua ili auze ni 6222. Lakini iko namba nyingine, 6340, ya mtu anayevua ili nyumba yake ipate kula. Mwaka 2013, wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana Geneva, walikubaliana kwamba yule wa pili anafanya kazi, ndiyo, lakini hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Anayehesabiwa kuwa na ajira ni anayefanya kazi kwa malipo au kwa faida.

Sasa nambie, ami alikuwa yupi kati ya hao wawili?

Alinieleza mara nyingi walivyokuwa wakigawana. Baharia hapewi mshahara. Chombo kikirudi, kwanza kinatolewa kitoweo, yaani samaki wa jikoni kwa kila aliyekwenda. Waliobaki wanauzwa. Katika pesa za mauzo zinatolewa gharama: chambo, chakula cha safari, mafuta kama chombo kina mashine. Kinachobaki kinakatwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana lake, na kila baharia ana lake. Desturi inatofautiana mahali na mahali, lakini mpango ndio huo. Siku ya samaki wengi kila mtu anacheka. Siku ya nyavu tupu, mwenye chombo na baharia wake wote wanarudi na kitoweo tu, au bila hata hicho.

Kwa hiyo asubuhi moja, katika chombo kimoja, mtu yule yule alikuwa 6222 na 6340. Samaki wa kushoto ni biashara, wa kulia ni chakula cha watoto. Karani lazima achague kipi ni kikuu. Na kitoweo, ambacho mkewe angelazimika kukinunua sokoni kama mumewe asingekileta, hakimo katika mshahara wowote.

Halafu kuna upepo. Wakati wa kusi bahari inachafuka, na vyombo vidogo vinakaa siku nyingi pwani. Watu wanashona nyavu, wanakarabati vyombo, wanawake wanasuka ukili. Kaskazi ikiingia bahari inatulia na kazi inaanza upya. Nichukue mfano wangu mwenyewe, si namba za mtu yeyote: baharia amepata shilingi 12,000 mwezi wa Januari, na 2,000 mwezi wa Julai. Karani aliyekuja Januari ataandika mtu anayejiweza. Aliyekuja Julai ataandika fukara. Wote wawili wameandika alichosema, naye alisema kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyepata maisha yake.

Na wastani una mtego wake. Tuchukue watu watano wa chombo kimoja. Wanne wamepata 3,000 kila mmoja, mwenye chombo na nyavu amepata 28,000. Jumla ni 40,000, gawa kwa watano, wastani ni 8,000. Ripoti itasema wavuvi wa pale wanapata 8,000. Lakini hakuna mtu pale aliyepata 8,000. Ukiwapanga kuanzia wa chini mpaka wa juu na kumtazama wa katikati, utamkuta na 3,000 zake. Namba zote mbili ni sahihi kwa hesabu. Ila moja inatueleza watu walivyo, na nyingine inamficha maskini nyuma ya mgongo wa tajiri. Anayeandika ripoti anachagua ipi aiweke mbele, na kuchagua huko kuna haki na dhuluma ndani yake.

Kuna jamaa yangu alipelekwa Marekani. Siku moja kwenye simu akanisifia kwamba huko unaweza kutafuta kazi yoyote na mji wowote ukaona inalipa ngapi. Ni kweli. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani inatoa makadirio ya watu na mishahara kwa aina 830 hivi za kazi, kwa kila jimbo na kila mji mkubwa. Lakini inawauliza waajiri, kwa sababu waajiri ndio wenye daftari la mishahara. Ili maeneo madogo nayo yapate namba za kuaminika, majibu ya miaka mitatu yanaunganishwa. Na wenyewe wanasema wazi nani hayumo: aliyejiajiri hayumo, mtumishi wa nyumbani aliyeajiriwa na familia hayumo, anayesaidia kazi ya familia bila malipo hayumo. Ukichukua mpango ule ukaupeleka Ngumi, kisiwa kizima kitaonekana kitupu. Hakuna daftari la mishahara, basi hakuna mtu. Uleta Kakuma, utaona ofisi za mashirika tu. Maduka, vinyozi, wenye bodaboda, mama wa chai, wote watapotea. Siwalaumu Wamarekani. Wanapima kitu kingine na wanasema hivyo. Kosa ni la anayechukua kipimo cha nguo akapimia maziwa.

Kenya nayo ina jedwali lake. Amri ya mishahara ya kima cha chini inapanga kazi kwa safu, kibarua wa kawaida, mlinzi, mpishi, dereva na kadhalika, na inapanga mahali kwa safu nyingine: miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, kisha miji ya kadiri, kisha "maeneo mengine yote". Kakuma iko katika maeneo mengine yote. Mlinzi wa Kakuma na mlinzi wa Nairobi wanakesha usiku ule ule, lakini bei zao ni mbili. Wanasema maisha ya huku ni rahisi. Hebu mwenye kusema hivyo aje anunue nyanya Kakuma mvua ikikata barabara.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba kila namba ya mshahara ina mtu ndani yake, mtu wa kufikirika. Historia ya pwani yetu inalo somo hilo. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, wa bandari na wa reli na wengineo, kwa sababu mishahara haikutosha maisha ya mjini. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kenya ikaunda kamati kuchunguza mishahara ya Waafrika, na ripoti yake, inayoitwa ripoti ya Carpenter, ikatoka 1954. Ripoti hiyo ilikiri jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wakilijua siku zote: kima cha chini kilikuwa kimekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume kapera, asiye na mke wala mtoto. Ikapendekeza kisogezwe hatua kwa hatua mpaka kimtoshe mtu mwenye familia.

Tazama vizuri. Namba ile ya zamani haikuwa na kosa la kujumlisha. Walihesabu unga, walihesabu kuni, walihesabu kodi, wakajumlisha sawasawa. Kosa lilikuwa kwa yule mtu waliyemweka ndani. Mtu wa kweli alikuwa na mke na watoto watatu, mtu wa kwenye karatasi alikuwa peke yake. Aliyegoma alikuwa yule wa kweli.

Sasa nirudi kambini. Mkimbizi anayefundisha darasani, anayetafsiri hospitalini, anayezunguka kuelimisha watu habari za afya, hapati mshahara. Anapata insentivu. Mwenzake Mkenya wa kazi ile ile anapata mara kadhaa zaidi. Tukiuliza tunapewa sababu mbili. Ya kwanza ni vibali vya kazi, na ni kweli sheria ina vikwazo vyake, ingawa sheria ya wakimbizi ya 2021 imefungua mlango kuliko ile ya kabla yake. Sababu ya pili ndiyo inayonihusu hapa: kwamba mkimbizi anapewa chakula, nyumba na matibabu, basi hahitaji mshahara kamili. Ndani ya insentivu yumo mtu wa kufikirika, ambaye tumbo lake limeshashughulikiwa na rasheni. Labda siku moja alikuwepo. Lakini rasheni imepunguzwa na kupunguzwa tena, na insentivu bado inamhesabu mtu yule aliyeshiba. Mimi namuona kapera wa 1954, amehamia Kakuma.

Na kwa kuwa inaitwa insentivu, mwalimu yule haingii hata katika jedwali la mishahara. Jina limemtoa. Ukiuliza mwalimu wa eneo hili analipwa ngapi, utapewa namba ya mwalimu mwingine.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta wataalamu Kenya kuchunguza tatizo la ajira. Ripoti yao ilijulikana dunia nzima, na ndiyo iliyolieneza jina la sekta isiyo rasmi. Walikuta kwamba tatizo kubwa halikuwa watu waliokaa bila kazi, bali watu waliofanya kazi sana na kubaki maskini. Watu hao walikuwa wakichomelea, wakiuza, wakishona, na serikali ilikuwa ikiwaona kama uchafu wa mjini tu. Natamani aliyetunga fomu yetu angeisoma. Katika siku zangu kumi na mbili sikumbuki bloku hata moja ambayo watu wake walikaa tu. Lakini niliandika "hana kazi" mpaka kidole kikachoka.

Mara nyingine niliandika hivyo kwa sababu ya fomu. Mara nyingine kwa sababu mtu aliniomba kwa macho. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Nilifika kwa mama mmoja alfajiri kidogo. Karai lilikuwa jikoni, mafuta yanachemka, mahamri yamepangwa kwenye sinia na kufunikwa kanga, mtoto anangoja kuyapeleka. Nikasoma maelezo: ni hiari, majibu ni siri, "na majibu yako hayataathiri msaada unaopata." Nikauliza kazi yake. Unga ulikuwa bado mikononi mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Sina kazi, mwanangu." Tukatazamana. Nikabonyeza: hana kazi. Alipomaliza kunijibu akanipa hamri mbili za njiani. Nilizila.

Watu wengi hapa watasema alidanganya. Mimi najiuliza nani aliyeanza kudanganya. Ile sentensi ya kwamba majibu hayataathiri msaada, niliisoma mara mia na zaidi. Niliambiwa niisome, nikaisoma kwa sauti nzuri. Sikuwa na njia yoyote ya kujua kama ni kweli kesho, na sikuuliza. Yeye alijua dunia kuliko mimi. Mwaka 2025 chakula cha WFP hapa kilianza kutolewa kwa makundi, nyumba zikapangwa makundi manne kwa kadiri zinavyodhaniwa kuwa na shida, na zilizodhaniwa zinajiweza zikatolewa katika chakula. Sisemi maswali yetu ndiyo yaliyoleta makundi hayo. Nasema mama yule alikuwa na akili ya kuogopa swali, na mimi nilikuwa na kadi ya shingoni ya kumwambia asiogope.

Rafiki yangu tuliyefanya naye kibarua kile hakubaliani na mimi, na hoja yake ni nzito, sitaki kuipita kimya. Anasema: chakula ni kile kile kimoja. Mama wa mahamri akificha, yupo mjane bloku ya pili asiye na karai wala unga, na kwenye karatasi wanafanana. Aliyeficha amemlia mjane. Tena anasema, tukificha wote, ripoti itatoka kwamba wakimbizi wa Kakuma hawafanyi chochote. Watu wa nje wataisoma na kusema ni wavivu. Wafadhili watatuletea tena mafunzo ya sabuni na ushonaji, kama vile hapa hakuna anayejua kitu. Na hatuwezi kudai kazi zetu ziheshimiwe kwa mkono mmoja na kuzificha kwa mkono wa pili.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Ana haki kuhusu mjane. Siwezi kumwambia mtu kwamba uongo ni halali kwa sababu ofisi ni kubwa. Lakini nadhani amelipanga deni kinyume. Anamdai ukweli kwanza yule aliye chini, halafu ndipo aliye juu aamue autumieje. Madrasa tulifundishwa kwamba iko sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, wale ambao wakipimiwa wanataka kamili na wakipima wao wanapunguza. Onyo lile linamhusu mwenye kushika mizani. Mnunuzi naye anatakiwa awe mkweli, lakini mizani haiko mkononi mwake. Anayehesabu kazi za watu ameshika mizani. Yeye ndiye anayechagua siku saba au mwaka mzima, wastani au mtu wa katikati, kitoweo kiingie au kisiingie, insentivu iitwe nini. Akitaka ukweli mzima kutoka kwetu, na yeye atoe ukweli mzima wa kipimo chake.

Nilimpelekea ami habari hii. Sikumwambia habari za ISCO wala Geneva. Nilimuuliza tu: mlipokuwa mkigawana, mlijuaje kama nahodha hakuiba? Akacheka. Akasema mgao haufanywi nyumbani kwa mwenye chombo. Unafanywa pale pale pwani, kabla mtu hajaondoka. Samaki wanaonekana, mnunuzi anaonekana, pesa zinahesabiwa kwa sauti. Nahodha anasema chambo ilikuwa kiasi kadha, mafuta kiasi kadha, na yeyote anaweza kusema hapana, mafuta hayakuwa hayo. Hata mtoto aliyekwenda kumwaga maji ya ngama anajua fungu lake limetokea wapi. Nikamuuliza, na nahodha akitaka kugawia ndani? Akasema, "Kesho hatapata mabaharia."

Jibu langu ni hilo la ami. Makadirio ya kazi na malipo ya watu yafanywe kama mgao wa pwani. Sisemi yafanywe na wavuvi badala ya wataalamu. Hesabu za sampuli na za kuunganisha miaka ni elimu, na aliyeisomea tumpe nafasi yake. Nasema yafanywe mbele ya wenyewe.

Kwa wenzangu wa mashirika, maana yake ni mambo ya kawaida kabisa. Kabla ya kuuliza, mwambie mtu jibu lake litafika wapi na linaweza kuamua nini. Kama hujui, usiahidi. Mwache ataje kazi yake kwa maneno yake kwanza, uandike hivyo hivyo, halafu ndipo utafute namba ya orodha. Uliza habari za mwaka mzima, mwezi mzuri na mwezi mbaya. Uliza na kitu kinachopatikana bila pesa. Ukimaliza kuhesabu, rudi kwenye bloku na namba zako kabla hazijaenda Nairobi, uzisome kwa lugha yetu, na ukubali mtu asimame aseme hapana, hayakuwa hayo. Sisi makarani wa muda tunatoka hapa hapa kambini, tunajua lini tableti inaandika kitu kisicho kweli. Tuulizeni.

Na kwetu sisi wakazi, deni letu lipo pia. Hesabu ikifanywa wazi, hatuna tena ruhusa ya kumficha mjane nyuma ya karai letu. Itatubidi tuseme.

Kituoni tumeanza kidogo. Vijana wamechukua daftari, wanazunguka bloku yao wenyewe, wanaandika kila kazi kwa jina ambalo mwenyewe analitumia, miezi inayolipa na isiyolipa, na nani alimfundisha. Hawaandiki jina la mtu. Kila Ijumaa jioni wanasoma waliyoandika mbele ya watu wa bloku, na watu wanasahihisha, wakati mwingine kwa kelele. Bado si takwimu, najua. Lakini kijana akinijia sasa akaniuliza asomee nini, nina daftari la kumfungulia.

Kwa ami walikwenda wiki iliyopita. Safari hii niliketi kando, sikuuliza mimi. Msichana aliyeshika daftari ni Mkongomani, hajawahi kuona bahari. Akamuuliza kazi yake, naye akamweleza karibu saa nzima, nyavu za jarife, mshipi, kusi na kaskazi, mpaka chai ikapoa. Mwisho msichana akasoma alichoandika: "Mvuvi, nahodha, wa Ngumi. Hajavua tangu 1991 kwa kukosa bahari. Anaweza kufundisha." Ami akamwambia hapo kwenye nahodha afute, yeye alikuwa baharia tu, nahodha alikuwa kaka yake. Msichana akafuta, akaandika upya.